Songambele Walishasema

Kasulu, 25 Agosti 1975

Leo nimeazimwa kama sufuria. Mkubwa wangu wa ofisi ya Maendeleo kaniita asubuhi, kaniambia kuanzia wiki hii nitafuatana na mwanafunzi wa Chuo Kikuu aliyetoka Dar es Salaam kuja kuwauliza watu wa vijijini watampa nani kura mwezi wa kumi. Nikamuuliza, kura si siri? Akasema hii si kura, huu ni utafiti wa maoni. Nikauliza darasa langu la akina mama atalishika nani. Akajifanya anatafuta kalamu.

Mwanafunzi mwenyewe anaitwa Longinus, mtu wa Bukoba, mrefu, na viatu vyake vyeupe vya turubai vumbi letu limeshavipaka wekundu. Kiha hajui hata cha kuombea maji. Mimi nimezaliwa nyuma ya duka la baba hapa hapa Kasulu, Kiha nimekijua kabla ya kusoma, basi nimefanywa mdomo wake. Baba anasema watu wa Dar wana haraka, si wangoje tu hiyo siku ya kura wahesabu kama watu wengine.

Chama kimetupa wagombea wawili. Mwenye alama ya nyumba ni Gharibu, mwenye malori, mtu wa maneno matamu. Mwenye alama ya jembe ni Leonidasi, jirani yetu.

28 Agosti

Leonidasi kanisimamisha kwenye ua wa nyuma jioni. Kasikia nitapita vijijini na akataka kujua kama tutafika Songambele. Nikasema tutafika.

Kisa cha Songambele kila mtu hapa anakijua. Leonidasi alikuwa katibu kata mwaka jana, wakati wa Operesheni. Watu wa mlima wa Rukanda, alikozaliwa yeye, walitakiwa kushuka na kukaa kwenye kijiji kipya kando ya barabara ya Kibondo. Amri aliisoma yeye mwenyewe, mbele ya baba yake mkubwa, mzee Felisiani, na mbele ya kaburi la baba yake. Nyumba zikatiwa moto ili watu wasirudi. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwao. Mkewe Immakulata, anayefundisha shule ya msingi hapa mjini, huenda peke yake kuwasalimia, na akirudi Leonidasi hamuulizi kitu.

Leo kwa mara ya kwanza kasema. "Ubunge ni kitu kizuri, Tunu, siwezi kukudanganya. Lakini mimi nataka kujua jambo moja tu. Siku nikifa, wale watu watanizika au watanitupia mjini kama mtu wa kuja?"

Nikamwambia aniombee gari lisiharibike.

3 Septemba

Vumbi. Moto wa nyika kila upande, jua kama limekosa usingizi. Vijiji vitatu leo.

4 Septemba

Nimeanza kuielewa kazi hii, na sioni kama ni kazi. Longinus ana maswali yaliyopigwa chapa. La mwisho ndilo lenyewe: kama uchaguzi ungekuwa leo, ungempa nani? Mtu wa hapa ukimuuliza hivyo anakuangalia machoni, kisha analiangalia Landrova, kisha ananiuliza mimi kwa Kiha, sauti ya chini, huyu mgeni wako anampenda nani. Anataka kukuridhisha. Mgeni haondoki na uso uliokunjamana. Nikimwambia Longinus, anauma kalamu na kusema hilo nalo ni matokeo. Sijui wanawafundisha nini huko Mlimani.

7 Septemba

Tumeanza kufunga leo. Longinus kaniuliza kama nitaweza kazi. Nikamwambia mimi nimefunga tangu yeye ananyonya. Uongo, tunalingana umri, lakini hakuuliza tena.

11 Septemba

Tumefika mpaka Kibondo, ingawa si jimbo letu. Anataka kulinganisha. Sokoni mama mmoja muuza maharage kamwambia kura yake atampa yeyote atakayenunua debe zima. Longinus akaandika. Kisha akanunua nusu debe, masikini, akawa hajui atayapika wapi. Yamo jikoni kwetu sasa. Nimeanza kumpenda kidogo, kama unavyompenda mdogo wako mzito wa akili.

18 Septemba

Leo Songambele. Nitaandika yote maana sijawahi kuona kitu kama hiki.

Longinus alitaka kama kawaida amwulize kila mtu peke yake ndani ya nyumba, mlango umerudishwa. Mzee Felisiani akakataa. Hakukataa kwa ubaya. Alitusalimia kwanza, mwidiwe, mwidiwe, makofi ya taratibu, kaulizia baba, duka, mfungo wangu, ng'ombe wa Bukoba. Ndipo akasema mtu kuulizwa peke yake gizani ni mambo ya mwizi. Kama serikali inataka neno la Songambele, neno litasemwa uwanjani na kila mtu alisikie.

Longinus akaniambia hilo litaharibu utafiti. Nikamwambia ama hilo au turudi mikono mitupu. Akakubali, masikini, akiwa ameukunja uso kama mtu aliyepewa shubiri.

Wakakaa duara, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, pombe katikati. Mimi na saumu yangu, koo kavu, nikaisikia harufu yake mpaka basi. Felisiani akaanza. Akasimama, mzee yule mwenye magoti mabovu, akajishikiza kwenye fimbo, na maneno yake nimeyaandika palepale kwa mkono wangu:

"Aliyetushusha Rukanda ni mtoto wetu. Alipokuwa anasoma ile karatasi machozi yalimdondoka mpaka hakuona mstari. Angetumwa mwingine asingelia. Mimi Felisiani nampa Leonidasi. Mnashuhudia?"

Wote wakapiga makofi, tunashuhudia. Akakaa. Akasimama wa pili. Wa tatu. Wanawake nao. Mkewe Felisiani, mama Veronica, alisema nyumba yake ilipoungua alimlaani Leonidasi kwa mdomo wake, na kwa mdomo huohuo sasa anaiondoa laana. Tunashuhudia. Jua likatua bado wanasimama mmojammoja, hakuna aliyeachwa, hata bibi mmoja kipofu aliinuliwa kwa mikono miwili ili aseme akiwa amesimama. Mimi mtafsiri nililia. Nilifuturu kwa maji waliyoniletea kwenye kibuyu, na sikumbuki kama niliyasikia yakipita.

Njiani Longinus akasema haya hayafai kitu, watu wote wamesema jambo moja, hakuna maoni hapo. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye ni mtoto wa kitabu.

20 Septemba

Longinus alinikataza kusema ya vijijini. Nimesema. Nilimkuta Leonidasi anachanja kuni nikamweleza yote, pamoja na machozi yaliyodondoka kwenye karatasi. Alikaa juu ya gogo lake. Akaniomba nimrudie ya mama Veronica. Nikarudia. Akasema hakujua kama walimwona akilia, alidhani alijificha vizuri.

Immakulata baadaye kaniletea mayai na hakusema ya nini.

1 Oktoba

Longinus kaondoka na lori la pamba. Kasahau maharage.

6 Oktoba

Idi. Pilau, wageni, miguu inauma. Leonidasi kaja kumpa baba mkono wa Idi, na mara ya kwanza tangu nimjue kazungumza kuhusu Rukanda kama mtu anayezungumza kuhusu kwao. Anasema ubunge upatikane usipatikane, atajenga Songambele. Baba akamtania kwamba mbunge hajengi porini. Akasema yeye atajenga.

17 Oktoba

Mawingu, upepo, hakuna tone.

24 Oktoba

Mvua! Imepiga tangu alfajiri mpaka mchana, bati linalia huwezi kusikilizana. Harufu ya udongo imeingia mpaka ndani ya sanduku la nguo. Wakulima wote wa wilaya hii leo wamelala wakiwa na mbegu chini ya mto.

26 Oktoba, Jumapili

Siku ya kura. Nimepiga asubuhi, foleni ndefu hapa mjini, akina mama wamevaa kanga mpya. Leonidasi alisimama nyuma yangu, shati jeupe, kanyolewa. Mikono kaitia mifukoni, akasema ni baridi.

Hapakuwa na baridi.

28 Oktoba

Ameshindwa. Kwa kura chache, nyumba imepata, jembe limekosa. Lakini si hilo.

Sanduku la Songambele lilikuja karibu tupu. Walimu, mgambo, na msimamizi wa kura mwenyewe, basi. Kijiji kizima hakikwenda. Msimamizi anasema alipiga ngoma mara tatu, akamtuma mtu mlango kwa mlango, wakamjibu kwa adabu kwamba wanapanda maharage. Nusu ya watu wale wangekwenda, leo Leonidasi ni mbunge.

Nilikwenda kwake nikamkuta kwenye kiti, viatu mguuni, kama anayesubiri kuitwa mahali. Kaniuliza mimi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama nina hakika ya nilichokisikia siku ile.

Nikasema nina hakika. Akasema, "Basi walikuwa wanakufurahisha wewe. Mgeni haondoki na uso uliokunjamana."

Nimerudi nyumbani na hasira siwezi kula. Nimewaamini watu wale, nimelia mbele yao! Wakasimama mmojammoja na vipofu wao, na yote ile ilikuwa adabu tu.

29 Oktoba

Sijui niandikeje ya leo.

Saa nne hivi, mvua nyembamba, nilikuwa naanua nguo. Nikawaona wazee wa Songambele wanakuja barabarani kwa miguu, Felisiani mbele na fimbo yake, vijana wawili wamebeba mtungi wa pombe kwenye mti begani, wanawake nyuma na ndizi. Wanaimba. Wakaingia kwa Leonidasi moja kwa moja, wakapiga makofi, wakamwita mbunge wetu.

Ua ulijaa watu waliokuja kumpa pole. Leonidasi akatoka. Mimi nilikuwa nimeushika wigo kwa mikono yote miwili. Aliwatazama wazee wale walioloa, wanacheka, akautazama mtungi. Kisha akauinua, sijui alipata wapi nguvu, akaumwaga wote kizingitini, miguuni mwa baba yake mkubwa.

Hapa kwetu mtu akikataa pombe yako utauliza kuna nini. Akiimwaga, huulizi.

Immakulata akapiga kelele moja. Felisiani aliinama kwa magoti yale, akauokota mtungi, akaupapasa chini kuona kama umepasuka. Haukupasuka. Wakaondoka kwenye mvua, ndizi wakaziacha ukutani.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema moyoni wamestahili. Kumbebea mtu mtungi kuja kumcheka mlangoni kwake, roho gani hiyo?

3 Novemba

Mvua. Leonidasi hatoki.

8 Novemba

Gharibu kamwaga karamu, ng'ombe wawili. Baba kaalikwa, kaenda, karudi mapema.

13 Novemba

Nimelijua leo. Ningelijua mapema kama ningekuwa na akili ya kuuliza badala ya kukasirika.

Darasa la akina mama limefunguliwa tena, na zamu ya leo ilikuwa Songambele. Nilikwenda na uso wa mawe. Nilifundisha uji wa watoto bila kumtazama mtu. Tulipomaliza, mama Veronica alibaki nyuma akisafisha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Akaniuliza Leonidasi anaumwa nini hata akawamwagia pombe.

Nikamjibu kwa ukali. Nikamwambia mnamwuliza anaumwa nini na ninyi ndio mliomnyima kura?

Aliniangalia kama niliyepotewa na akili. Akasema, "Mwanangu, kura tulikupa wewe."

Nikakaa chini. Akanieleza taratibu, kama ninavyowaeleza wao uji. Zamani, wakiwa Rukanda, walikuwa wanatembea mchana kutwa kulifuata sanduku. Kisha ikaja Operesheni, wakaambiwa shukeni, sasa serikali itawafuata kwenu: shule, maji, dawa. Basi mwaka huu ikaja kweli, na Landrova na karatasi na Bibi Maendeleo wanayemjua, yaani mimi, ikawauliza mnampa nani. Wakampa. Mbele ya mashahidi, kwa kusimama. Neno la mtu mzima halisemwi mara mbili, na aliyekwisha kushuhudiwa ukimwita aseme tena unamwambia aliongopa. Ile siku ya Jumapili ngoma ilipopigwa, wengine waliuliza twende? Felisiani akasema tumeshasema. Halafu yule msimamizi akawaambia kila mtu ataingia peke yake nyuma ya pazia na asimwambie mtu.

"Jina la mtoto wangu nilinong'one nyuma ya pazia kwa nini?" mama Veronica akaniuliza. "Anayenong'ona jina la mtu ni mchawi."

Basi wakaenda kupanda, na usiku wakapika pombe ya kumpongeza, wakawa na haraka mpaka hawakusubiri habari, maana habari walikuwa nayo.

Niliangalia yale maharage yao mapya yaliyoanza kuchomoza pembeni ya shule. Hata sikuweza kumwambia pole. Longinus alisema hayafai kitu, na nilimwita mtoto wa kitabu. Nani sasa mtoto?

14 Novemba

Nimemwambia Leonidasi. Nilianza tangu mwanzo, sikuruka kitu. Alinisikiliza amesimama. Nilipofika kwenye "kura tulikupa wewe" akashika ukuta.

Nilidhani atafurahi kidogo. Nilidhani atasema kumbe. Hakusema kumbe. Aliangalia kizingiti chake, pale pale alipoimwaga pombe. Immakulata alitoka na maji ya kunywa akasimama nayo mkononi.

Mwishowe akasema atakwenda. Daraja la bondeni limechukuliwa na maji usiku wa kuamkia leo, tunangoja.

19 Novemba

Mvua, mvua. Leonidasi kanunua kanga ya mama Veronica na blanketi la Felisiani. Anauliza kila siku habari za daraja.

23 Novemba, Jumapili

Tumekwenda, Leonidasi, Immakulata na mimi, juu ya lori la mahindi. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya maneno, midomo inacheza. Immakulata alimshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Niliogopa mawe. Niliogopa milango kufungwa. Felisiani alituona tangu barabarani akaja kutupokea mwenyewe, mwakeye, mwakeye, makofi ya taratibu, na nyuma yake watu wa kijiji, wote wanatabasamu. Wakauliza safari. Wakauliza mvua za mjini. Wakaulizia malori, afya, bei ya chumvi. Niliona mabega ya Leonidasi yakishuka, nami nikashusha pumzi.

Akaomba radhi. Alipiga magoti kwenye tope na suruali yake nzuri, akasema aliyoyapanga na mengine ambayo hakuyapanga. Felisiani akamwinua haraka, akasema ah, ah, hakuna neno, hakuna neno, mtu mkubwa hapigi magoti kwetu. Wote wakasema hakuna neno. Blanketi likapokewa kwa mikono miwili na shukrani ndefu.

Kisha wakaleta viti. Vitatu, vya shule, vyenye migongo. Wenyewe wakakaa chini kwenye mikeka, wakauzunguka mtungi, kila mzee akatoa mrija wake, wakawa wanavuta pombe pamoja kama wanavyofanya ndugu. Leonidasi akajisogeza ukingoni mwa kiti. Alikuwa anangoja mrija. Nilimwona ameuweka mkono tayari.

Mama Veronica akaja kwa heshima, ameinama, akaniletea mimi chai maana anajua sinywi. Akamletea Immakulata kikombe. Akamletea na Leonidasi kikombe, cha kaure, chenye maua, juu ya sahani, pombe imechujwa vizuri kama wanavyomchujia Padri na Bwana Shauri. "Karibu, mzee," akamwambia. Yule aliyemlaani kwa mdomo wake na kuiondoa kwa mdomo huohuo, akamwita mzee.

Leonidasi alikunywa. Alikunywa chote, akashukuru. Hakuna aliyesema la Rukanda, wala la kura, wala la mtungi. Walitusindikiza mpaka barabarani, kijiji kizima, wakatupa kuku na maharage ya njiani, wakapunga mikono mpaka lori likakata kona.

Karibu na mjini Immakulata akasema, kwa kumtuliza, kwamba wamempokea vizuri sana, hata hawakumkasirikia.

"Ndiyo," Leonidasi akasema. "Afadhali wangenitukana, mke wangu. Mtu humtukana wa kwake."